Bekingi ya rili ndogo ya flai: uchague ipi, ujaze kiasi gani

Anayeanza kuvua kwa flai (chambo bandia chepesi kinachoiga mdudu) Arusha au Moshi huja na maswali yale yale. Bekingi ya ratili ngapi? Mita ngapi? Kwani hii nailoni ya dukani ina ubaya gani? Nayajibu hapa kwa pamoja, kwa mwenye rili ndogo (rili ni kile kifaa cha fimboni cha kuzungushia mshipi), yaani ya mshipi namba 2 hadi namba 5; namba ikipanda, mshipi ni mzito zaidi. Kama rili yako ni ile kubwa ya kwenda nayo Mafia au Pemba kutafuta kolekole, mwongozo huu haukuhusu. Bahari ina hesabu zake.

Bekingi ni uzi mwembamba unaotangulia kuzungushwa kwenye spuli, ile ngoma inayozunguka ndani ya fremu ya rili, kisha mshipi wa flai unaungwa kwenye ncha yake na kuzungushwa juu. Ina kazi mbili. Kwanza ni akiba, samaki akikimbia akaumaliza mshipi wote, ambao kwa kawaida una mita 27 hadi 30. Pili, inanenepesha kiini cha spuli. Kwenye rili ndogo, kazi ya pili ndiyo kubwa, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua bekingi kana kwamba wanaenda kuvuta nyangumi.

Perege wa nusu kilo hawezi kukumalizia mita 27. Trauti wa vijito vya milimani ndio kabisa, kwa sababu kijito chenyewe hakina pa kukimbilia. Samaki wa huku anayeweza kukuonyesha rangi ya bekingi ni kambale mkubwa wa Nyumba ya Mungu, na hata yeye mara nyingi huwahi kujichomeka kwenye matete kabla hujafika huko. Kwa hiyo unapochagua bekingi ya rili ndogo usinunue nguvu, nunua ujazo.

Ujazo una maana gani? Mshipi uliozungushwa kwenye kiini chembamba hujikunja kama springi, ukiurusha hautulii, unagongana na pete za fimbo. Tena kila ukizungusha mkono wa rili mzunguko mmoja unarudisha mshipi kidogo tu. Spuli ikijaa vizuri, mshipi unakaa kwenye duara kubwa na unarudi haraka. Nadharia inatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rili yenyewe, imesafishwa na kukaushwa. Rili nyingi za huku ni za mitumba au zimeachwa na wageni, kwa hiyo toa spuli, futa vumbi na grisi ya zamani, pitisha kidole ukingoni kuona kama kuna mahali pamechongoka.
- Mshipi wa flai utakaoutumia kweli. Usijaze bekingi leo kwa kukisia halafu mshipi uje mwezi ujao.
- Bekingi. Soma sehemu inayofuata kabla ya kutoa hela.
- Mkasi mkali, selotepu, penseli, kitambaa safi cha pamba, na vijiti viwili vya kiberiti.
- Mrija wa kalamu ya Biki ulioisha wino, ukatwe kipande cha sentimita 4 na kuoshwa kwa spiriti. Ni wa kufungia fundo.
- Mtu wa kukusaidia, au spuli ya pili inayolingana na ya kwanza.
- Nafasi ya wazi yenye nyasi, yenye urefu wa mita 80 hivi. Uwanja wa mpira wa shule, jioni wanafunzi wakishaondoka, unafaa sana.

Kama hujawahi kuuliza habari za kibali, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kushika maji. Nyumba ya Mungu imewahi kufungwa ili samaki wazaliane, na ndani ya hifadhi za taifa haurushi mshipi bila ruhusa.

Uchague uzi upi

Lebo nyingi zimeandikwa kwa vipimo vya Kimarekani. Alama ya lb ni ratili, yaani uzito ambao uzi unahimili kabla ya kukatika, na ratili moja ni gramu 454. Yadi moja ni sentimita 91. Kwa hiyo yadi 50 ni kama mita 46, na yadi 100 ni mita 91.

Kwa rili ya namba 2 hadi 5, nunua dakroni ya ratili 20. Dakroni ni poliesta iliyosukwa: haivutiki sana, haiozi, inashika fundo vizuri, na haikati vidole. Ndiyo ya bei nafuu pia. Watu huogopa wakisikia ratili 20, wanaona ndogo, wanataka 30. Hebu angalia mnyororo mzima. Uzi mwembamba wa mwisho, ule unaofungiwa flai, kwa uvuvi wa huku ni wa ratili 4 hadi 6. Kitu kikikatika, kitakatika hapo. Bekingi ya ratili 20 ina nguvu mara tatu hadi tano ya sehemu hiyo, sasa hizo 10 za nyongeza zitafanya kazi gani? Zitakula nafasi tu. Dakroni ya ratili 30 ni nene zaidi, na spuli ile ile itabeba pungufu kwa robo hadi theluthi.

Kuna uzi wa pili, wa polithilini iliyosukwa, unaojulikana kwa majina kama Dyneema na Spectra. Ni mwembamba mno kwa nguvu zake, na kwenye rili za baharini ni mali. Kwenye rili ndogo siupendi. Sababu ya kwanza ni hiyo hiyo ya ujazo: ni mwembamba, kwa hiyo utahitaji mita nyingi kujaza kiini, na kila mita ina bei. Ya pili, unateleza: usipoufunga vizuri, bunda zima linazunguka juu ya kiini huku mkono wa rili umetulia. Ya tatu, ukivutwa ghafla unajizamisha katikati ya mizunguko ya chini na kukwama. Ya nne ndiyo inayonichosha zaidi. Rili za bei rahisi zina upenyo kati ya spuli na fremu, uzi huu unapenya humo, unajisokota kwenye ekseli, na utafungua rili ukiwa umesimama kwenye maji ya magotini. Tena unakata vidole, usiushike kwa mkono mtupu samaki akivuta.

Sasa nailoni. Ile ya duka la vifaa, ya kuviringishwa kwenye kibao cha plastiki, inapatikana kila mahali, na chalii wa dukani atakuapia kwamba inafaa kwa kila kitu. Usiitumie kwa bekingi. Nailoni huvutika. Ukiizungusha ikiwa imevutwa, au samaki akiivuta kisha ukairudisha ikiwa bado imekaza, kila mzunguko unataka kurudi kwenye urefu wake wa asili, na wote kwa pamoja wanaibana spuli. Mzunguko mmoja si kitu, lakini mia mbili zikibana kwa pamoja, spuli nyembamba ya plastiki hupasuka, na ya aluminiamu nyepesi hupanuka kando mpaka inaanza kukwaruza fremu. Rili ndogo hutengenezwa nyepesi makusudi, kuta zake hazina unene wa kuhimili hilo.

Uzi wa kushonea nyavu, uzi wa fundi viatu na uzi wa kishada navyo huulizwa. Vingi vimesokotwa, havikusukwa. Vikilowa vinavimba na vikilegea vinajipinda. Acha.

Rangi? Chukua ya kung'aa, chungwa au kijani cha ndimu, ili ukiona inatoka ujue umebakiwa na nini. Basi.

Kuhusu kupata: dakroni halisi ni nadra madukani Arusha na Moshi. Wengi huagiza Nairobi, kifurushi kikaja kwa basi kupitia Namanga, au humwagiza mtu anayesafiri. Huuzwa sana kwa vibonge vya yadi 100, na kibonge kimoja kinaweza kutosha rili mbili ndogo, kwa hiyo tafuta mwenzako mchange. Ukikipata mkononi, fungua sentimita kumi na uziangalie karibu: iliyosukwa huonekana kama msuko wa nywele uliobana, bapa kidogo, na ukiisukuma pande mbili kwa vidole inafumuka na kuwa tupu ndani kama soksi. Ikiwa inang'aa kama kioo na haina msuko, umeuziwa nailoni.

Hatua za kujaza

Namba zilizochapwa kwenye rili au boksi lake, kwa mfano WF4 (mshipi namba 4 wenye uzito upande wa mbele) na yadi 50 za ratili 20, ni za kukupa picha tu. Mshipi wa kiwanda kimoja ni mnene kuliko wa kingine, na mshipi wa DT (unaofanana ncha zote mbili) hula nafasi zaidi ya WF wa namba ile ile. Na rili ya mtumba haina boksi. Njia ya uhakika ni kujaza kinyumenyume, ili spuli yenyewe iseme inataka kiasi gani.

1. Tambua ncha ya nyuma ya mshipi wa flai. Mshipi mpya una kijikaratasi kinachoonyesha ncha ya kwenda kwenye rili. Kama hakipo, na mshipi ni WF, tumia vidole: sehemu nene na nzito iko upande wa samaki, sehemu ndefu nyembamba ni ya upande wa rili. Mshipi wa DT unafanana pande zote mbili, usijisumbue.

2. Bandika ncha ya mbele ya mshipi kwenye kiini cha spuli kwa selotepu. Ndiyo, ya mbele. Zungusha mshipi wote, taratibu, ukiusambaza kulia na kushoto kwa kidole, mpaka ncha ya nyuma ibaki nje.

3. Unga bekingi kwenye ncha hiyo ya nyuma, fundo la kudumu. Kama mshipi una kitanzi cha kiwandani, tengeneza kitanzi kwenye bekingi: kunja uzi uwe mara mbili, funga fundo la kawaida ukipitisha mara mbili, lowesha kwa mate, kaza. Kitanzi kiwe kikubwa kiasi cha spuli kupita ndani yake, kwa sababu ndivyo utakavyoviunganisha: kitanzi cha bekingi kinapita ndani ya kitanzi cha mshipi, kisha spuli inapita ndani ya kitanzi cha bekingi, unavuta. Viungane kama mikono miwili iliyoshikana vidole. Kimoja kikijifunga kooni mwa kingine, kitakikata.

Kama mshipi hauna kitanzi, chukua ule mrija wa Biki. Ulaze sambamba na ncha ya mshipi, bekingi iwe pamoja navyo, izungushe bekingi mara 7 ukielekea ncha ya mshipi, kisha pitisha ncha ya bekingi ndani ya mrija irudi ulikoanzia. Bana mizunguko kwa vidole, chomoa mrija, kaza pole pole huku mizunguko ikikaa ubavuni mwa mwenzake. Ikipandana, fumua uanze upya. Vuta kwa nguvu: bekingi inatakiwa izame kidogo kwenye ngozi ya mshipi. Kata masalia karibu kabisa. Tone moja dogo la supaglu linatosha; ukimwaga nyingi fundo linakuwa gumu na kuvunjika linapopita kwenye pete.

4. Zungusha bekingi juu ya mshipi. Mwenzako apitishe penseli kwenye tundu la kibonge na kukiacha kizunguke kama tairi. Uzi usitoke kwa kuchomoka ubavuni mwa kibonge, utajisokota. Upitishe kwenye kitambaa chenye unyevu kilichobanwa kwa vidole ili uwe na mkazo wa wastani, na uusambaze sawasawa.

5. Simama uzi unapofika milimita 4 chini ya ukingo. Hapa ndipo vijiti vya kiberiti vinapofanya kazi: viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine ni takriban kipimo hicho. Spuli haijui kama ulizungusha kwa unadhifu au la, na siku ya kuvua hutazungusha kwa unadhifu. Nafasi hiyo ni ya siku hiyo. Kata bekingi.

6. Sasa geuza. Ukiwa na spuli ya pili inayolingana, kazi ni ndogo: funga ncha ya bekingi kwenye kiini chake kwa fundo la hatua ya 7, hamishia vyote humo, ncha ya mbele ya mshipi itaishia juu, umemaliza. Kama huna, nenda uwanjani. Mwenzako ashike ncha ya bekingi, wewe tembea na rili ukiachia mpaka mshipi wote uishe, ubandue selotepu. Kisha badilishaneni: yeye abaki na ncha ya mbele ya mshipi, wewe upande wa bekingi na spuli tupu. Fanyeni kwenye nyasi. Vumbi la Arusha, ile mifinyanzi laini ya volkano, likiingia kwenye msuko wa dakroni halitoki kwa kupukuta, na litakuwa msasa kwenye pete za fimbo yako. Angalieni na mbuzi.

Usije ukaachia vyote kwenye beseni ukidhani umepata njia ya mkato. Bekingi itatangulia kulala chini, na ndiyo ncha unayoihitaji kwanza. Utafumua mpaka kigiza kiingie.

7. Funga bekingi kwenye kiini. Kabla ya hapo amua unazungusha kwa mkono gani, wa kulia au wa kushoto, na uhakikishe breki inakaza uzi unapotoka, si unaporudi. Uzi uingie kutokea chini ya rili upande unaotazama pete ya kwanza ya fimbo. Zungusha ncha ya bekingi kwenye kiini mara mbili, funga fundo la kawaida kulizunguka uzi mrefu, kisha fundo jingine dogo kwenye ncha yenyewe. Lowesha, vuta uzi mrefu, mafundo yateleze mpaka yagongane kiinini. Kata masalia, bandika kipande chembamba cha selotepu juu yake ili kusiwe na kinundu.

8. Zungusha bekingi yote kwa mkazo ule ule wa kitambaa, kisha mshipi wa flai kwa mkono mwepesi zaidi. Bekingi ikazwe, mshipi ukae tu. Ukiukaza sana utatunza mikunjo. Ukikuta milimita 3 hadi 5 zimebaki chini ya ukingo, weka spuli kwenye fremu, izungushe kwa kasi na usikilize. Isikwaruze popote.

9. Andika kwenye kipande cha selotepu aina ya bekingi, ratili zake na namba ya mshipi, ubandike ndani ya mfuko wa rili. Utakapobadilisha mshipi baada ya misimu kadhaa hutaanza kubahatisha.

Ukipata chini ya mita 30 za bekingi kwenye rili ya namba 2 au 3, usihuzunike. Kwa vijito na mabwawa madogo ya Usa River au Hai hiyo ni zaidi ya utakachohitaji. Lakini kama unapanga kushinda Nyumba ya Mungu ukiwatafuta kambale, usiende na chini ya mita 45, na kusema kweli nenda na rili ya namba 6.

Mambo yakikwama

*Mshipi unakwaruza fremu.* Umejaza kupita kiasi. Toa mshipi wote, kata mita tano au sita za bekingi kutoka upande wa kiini, ufunge upya. Kamwe usikate mshipi wa flai ili upate nafasi.

*Mkono unazunguka, uzi haurudi.* Bunda linateleza kwenye kiini. Fungua mpaka chini, zungusha ncha mara nne badala ya mbili, na uweke selotepu kavu moja kwa moja kwenye kiini kabla ya kufunga.

*Bekingi imezama katikati ya mizunguko na haitoki.* Ilizungushwa ikiwa imelegea. Usiivute kwa hasira. Inua mizunguko kwa ncha ya penseli, toa yote, irudishe kwa kitambaa.

*Mshipi unatoka na mikunjo midogo midogo.* Ama bekingi ni kidogo, ama mshipi umekaa muda mrefu. Nyoosha mshipi kwanza kwa kuuvuta taratibu kati ya watu wawili. Mikunjo ikirudi siku hiyo hiyo, ongeza bekingi.

*Fundo linagonga pete.* Masalia ni marefu. Kata, pitisha gundi laini juu yake ili liwe na umbo la mbegu ya ngano. Likiendelea kunasa, lifunge upya.

*Spuli imegoma kuingia kwenye fremu baada ya siku ya kuvua.* Chini yake kuna nailoni, hasa kama ulinunua rili ikiwa tayari imejazwa. Toa uzi wote leo leo. Spuli ya aluminiamu iliyopanuka haiwezi kunyooshwa kwa koleo bila kuharibika zaidi.

*Bekingi ina manyoya na rangi ya matope.* Ioshe kwa maji baridi na sabuni ya kipande kidogo, iache ikauke kivulini ikiwa imelegezwa nje ya spuli, kwa kuwa dakroni hutunza maji na kutia kutu kwenye skrubu za rili za bei nafuu. Manyoya yakiwa ya mita chache za juu, kata hizo tu uunge upya mshipi. Yakiwa yameenea, nunua nyingine. Kipande kizuri kilichobaki kinatosha kabisa rili ya mtoto.